Gari la Kimo cha Bambara

Hapa Juba mtu hanunui gari, ananunua kimo. Akipata pesa kidogo, hata kabla hajapiga nyumba lipu, anakwenda kutafuta gari refu, jeusi, lenye vioo vyeusi, ili akipita barabarani apite juu ya vichwa vyetu. Mafuta hana. Pale kwetu New Site nawajua wanaume watatu ambao magari yao hukaa chini ya turubai wiki nzima, wenyewe wakienda kazini kwa boda kama sisi wengine, halafu Jumapili wanatia mafuta ya kubahatisha na kuja nayo kanisani wamefunga vioo. Wakishuka, wanashuka polepole, mguu mmoja kwanza, ili tuone kiatu. Mmoja wao ni mdogo wangu wa kiume, tumbo moja na mimi, na hapa nitamsema yeye zaidi kwa kuwa haki hiyo ninayo.

Nieleze kwanza habari ya Mama, kwa sababu gari ninalotaka kulisimulia lilinunuliwa kwa ajili yake. Mama aliteleza bafuni, akaangukia upande, na nyonga yake haikurudi kuwa nyonga tena. Anatembea kwa fimbo, taratibu, na hataki kushikwa mkono. Lakini nyonga hiyo haigeuki. Akikaa anatazama mlango, atasimama anatazama mlango. Kumzungusha ni kumuumiza. Na kusimama kwenyewe, anasimama kutoka kwenye kitu kimoja tu: bambara yake, kile kiti kidogo cha kamba wanachokalia wateja wa chai mji mzima, ila hii yake seremala aliiongeza miguu mpaka ikampita goti kidogo. Kutoka kwenye bambara hiyo Mama anainuka bila msaada wa mtu. Ukimweka kwenye kochi, atakaa hapo mpaka uje.

Sasa Jumapili moja baada ya ibada ndugu yangu alileta gari lake mpaka mlango wa kanisa, eti ampeleke mama yake nyumbani kwa heshima. Gari lenyewe mimi mwenye miguu mizima nalipanda kwa kuning'inia. Wakaitwa wanaume wanne. Wawili wakashika mabega, wawili wakashika miguu, wakahesabu moja, mbili, tatu, kama wanapakia gunia la mtama, wakamwinua. Lawa yake, ile nguo ambayo mama zetu hufunga begani, ikapanda mpaka mapajani mbele ya kanisa zima, mbele ya mchungaji, mbele ya watoto aliowafundisha nyimbo. Mmoja wa wale wanne akasema, inaonekana Mama anakula vizuri. Wakacheka. Na ndugu yangu hata hakushuka. Alikaa kwenye usukani, simu sikioni, akizungumzia saruji ambayo mimi najua hakuwa nayo.

Nyumbani, baada ya kushushwa kwa namna ile ile, Mama alikaa kwenye bambara yake, akaipanga lawa yake vizuri juu ya magoti, akasema, "Sitainuliwa tena. Mtaniinua siku ya jeneza, na siku hiyo sitajua."

Hakurudi kanisani miezi minane. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akianzisha nyimbo kabla mwenye kinanda hajapata waya wake. Mwanzoni akina mama wenzake walikuja Jumatano kusali naye, kisha wakaja wawili, kisha akaja mmoja aliyekuwa na shida ya kuazima sufuria. Raksha, zile bajaji zetu za magurudumu matatu, alijaribu mara moja, akashindwa kukunja mguu. Lakini kila Jumapili alioga, akavaa lawa nyeupe, akakaa kwenye veranda akiwa amevaa. Saa ya ibada ikipita, anaingia ndani, anavua.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kuona mtu mzima anavaa na kuvua hivyo kila wiki, nilishindwa. Zamu yangu ya kupokea sanduku la walimu, mchango wetu wa kupokezana, ilipofika, nikasema pesa hii si ya bati wala si ya karo, ni ya gari, na gari lenyewe ni moja tu: lile ambalo mama yangu ataingia na kutoka kwa miguu yake, bila mkono wa mwanamume yeyote. Mengine yote, rangi, mwaka, jina, potelea mbali.

Nikaenda yadi za magari nikiwa na bambara. Niliibeba mapajani kwenye boda, na dereva wa boda akaniuliza kama ninahama. Njia yangu ya kukagua ilikuwa hivi: nafungua mlango, naiweka bambara chini kando ya kiti cha gari, natazama vimo vyao. Vikikaribiana, najifunga magoti na leso, nakaa kwa upande, najaribu kuingiza miguu bila kugeuza nyonga. Nikishindwa, nafunga mlango, naenda kwa gari linalofuata. Mimi naona hiyo ni njia ya akili kuliko kupiga teke tairi na kutikisa kichwa, ambayo ndiyo elimu yote waliyo nayo wanaume wanaokwenda yadi.

Madalali walinicheka mpaka wakachoka. "Ustaza, hiyo kiti unauza?" mmoja alisema. Mwingine aliyejifunzia Kiswahili chake Kampala akanishika mkono kama mjomba wangu: "Ustaza, mimi iko na gari ya heshima. Mwalimu kama wewe, watu inakuona." Nikamwambia nimeonekana vya kutosha, nataka mama yangu aingie. Akanipeleka kwenye kitu kirefu cheusi, akapiga boneti kofi, akasema injini yake haijawahi kufunguliwa. Kwa chini niliona mafuta yamechora ramani kwenye mchanga. Nilipoweka bambara, kiti cha gari kilikuwa kinaitazama kutoka juu kabisa. Nikasonya, nikaendelea.

Kulikuwa na magari ya chini, yale ambayo vijana huyashusha zaidi ili yakwaruze kila tuta. Kuingia humo Mama angelala chali. Kulikuwa na basi dogo la milango ya kuteleza, lakini ndani kumejaa harufu ya samaki mkavu, na dalali akaapa kwamba mwenye nalo alikuwa daktari. Kulikuwa na la mzee mmoja wa Kenya anayerudi kwao, safi, limetunzwa, lakini ukikaa kwa upande miguu haina pa kupita. Wiki tatu nilizunguka. Kila dalali alinishauri ninunue gari refu kisha nitafute kijana wa kumwinua Mama, kana kwamba wamekutana usiku wakakubaliana. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mama mwenyewe anataka nini. Watu bure kabisa.

Nililiona yadi ya mwisho, nyuma ya matairi mabovu. Gari dogo, la pembe nne, rangi ya uji wa ulezi uliolala. Ubavuni limeandikwa maandishi ya Kijapani, na mlango wa kushoto una picha iliyofifia ya mtu kwenye kiti cha magurudumu. Usukani uko kulia. Huku kwetu tunapita upande wa kulia wa barabara, lakini magari ya bei yetu yanapitia Kenya na Uganda, kwa wanaopita kushoto, na yanakuja na usukani wao. Dalali alilitaja hilo kuwa ila ya kwanza. Nikamwambia hainisumbui, mimi nimekulia Kitale, Kenya, tulikokimbilia wakati wa vita, nimejifunza gari huko, usukani wa kulia ndio ninaoujua.

"Sasa Ustaza, mimi iko mkweli," akasema, na huwa najishika mkoba nikisikia hivyo. "Hii gari iko na ugonjwa moja. Ile kiti ya abiria iko legea. Inageuka. Siku ingine inatoka nje yenyewe. Lakini mafi mushkila, hakuna shida, iko fundi huko Hai Mauna, anachomelea chuma mbili hapa chini, inakufa kabisa, haisogei tena."

Nikafungua mlango wa kushoto. Ndani ya mlango, chini ya vumbi, kulikuwa na karatasi ya plastiki iliyobandikwa, yenye picha nne. Picha ya kwanza, bibi mwenye fimbo amesimama. Ya pili, kiti kimegeuka kumtazama nje. Ya tatu, kiti kimetoka, kimeshuka, bibi anakikalia. Ya nne, bibi yuko ndani anacheka. Huhitaji kujua Kijapani. Mwanafunzi wangu wa darasa la kwanza angekusomea. Yadi nzima ya wanaume walikuwa wamekaa na gari hilo miezi, wamekitukana kiti, wamepunguza bei mara mbili, na hakuna aliyepangusa vumbi akatazama picha.

Nilikunja uso, nikauliza hilo la kuchomelea litagharimu nini. Nikatikisa kichwa kama wao. Nikasema kwa gari lenye kiti kibovu bei hiyo ni wizi. Akapunguza. Betri ilikuwa imekufa, wakaunganisha nyingine, na alipokwenda kutafuta karatasi za gari nikabonyeza kitufe kilicho ubavuni mwa kiti. Kikalia kidogo, kikageuka, kikatoka nje ya mlango taratibu, kikashuka, kikasimama. Nikaweka bambara kando yake. Kimo kimoja. Nakwambia machozi yalinitoka, nikajifuta haraka nikakirudisha kiti ndani kabla dalali hajarudi.

Ndugu yangu alipoliona uani alilizunguka mara mbili. Alikuwa amekuja kwa boda, kwa sababu ilikuwa Jumanne.

"Dada, kweli? Hili?"

"Hili."

"Watu watasema sisi watoto tumeshindwa na mama yetu."

"Watu wameshasema. Ulikuwa kwenye simu."

Kisha akafungua mlango wa abiria, akakishika kiti, kikacheza kidogo, akanitazama. Hapo ndipo ningesema. Maneno yenyewe yalikuwa machache: bonyeza hapa uone. Lakini nilikuwa nimeshapanga. Jumapili nitasimamisha gari mbele ya kanisa, wale wanne wakiwa wamesimama pale na ndugu yangu akiwa na kiatu chake mlangoni, nami nitabonyeza kitufe, na Mama atatoka mwenyewe kama malkia, na nitawatazama nyuso zao mmoja mmoja. Nilikuwa nimelala na picha hiyo siku mbili. Kumwambia mapema kungekuwa kumgawia kitu asichostahili.

"Kiti kibovu," akasema.

"Kiache kilivyo," nikasema, na nikafunga mlango.

Alipoondoka nilimwita Mama. Akaja na fimbo yake mpaka mlango wa gari, akageuka kwa hatua ndogo ndogo, akaupa mgongo, akasubiri. Nikabonyeza. Kiti kikamfuata kwa nyuma mpaka kikamgusa. Akakaa. Nikabonyeza tena, kikampandisha, kikamwingiza ndani, akawa ametazama mbele, mikono juu ya fimbo, hajakunja chochote. Akaniambia nirudie. Tulirudia mara sita alasiri ile, pale pale uani, akiingia na kutoka, na mara ya nne alianza kucheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ya wale wanne.

"Ndugu yako amekiona?" akaniuliza.

"Ataona Jumapili. Usimwambie."

Alinitazama kidogo. Kisha akasema anataka lawa ya bluu, si nyeupe, na ipigwe pasi.

Jumamosi asubuhi ndugu yangu akaja tena. Akasema nimpe funguo alipeleke gari kwa fundi akaangalie breki, siwezi kumpakia mama kwenye breki nisizozijua. Nilimpa. Nilijisemea kwamba leo angalau atakuwa na faida. Hata wakati ule sikumwambia. Nilisema tu, "Breki peke yake," kwa sauti ile ninayotumia kwa mtoto aliyevunja chaki. Akarudi saa tisa, akaliegesha, akanipa funguo. Alikuwa amechafuka na ana jeraha dogo la moto mkononi. "Breki nzima," akasema. "Na kuna kitu nimekufanyia. Utaona kesho." Alikuwa anatabasamu. Nikadhani ametundika kile kimti cha manukato kwenye kioo, au ameweka bendera. Nilikuwa napiga pasi lawa ya bluu, sikutoka kwenda kuangalia.

Jumapili Mama alikuwa tayari kabla yangu. Lawa ya bluu, shanga, kitambaa cha kichwa. Alisema ameshachagua wimbo atakaouanzisha. Ndugu yangu naye akaja, kwa boda tena, amevaa shati jeupe, akasema leo lake halina mafuta, atapanda nasi. Nilifurahi. Nilitaka awepo.

Mama akatembea mpaka kwenye gari. Nikafungua mlango. Akageuka, akaupa mgongo, akashika fimbo kwa mikono miwili, akasubiri, uso wake ukitazama lango, ametulia kabisa.

Nikabonyeza. Kiti kikalia. Kikalia tena kwa sauti nene, kikatetemeka, na harufu ya waya unaoungua ikanifika puani. Hakikusogea. Nikainama. Chini ya kiti, kulia na kushoto, vyuma viwili vya kitanda vilikuwa vimechomelewa mpaka sakafuni, kazi nzito, safi, imepakwa rangi nyeusi juu.

"Umekiona?" ndugu yangu akasema nyuma yangu. "Hakisogei tena hata ufanye nini. Nilisimama na fundi pale Hai Mauna juani saa nne nzima, nilimshikia vyuma mwenyewe."

Nilisimama nikamgeukia. Matusi yote ya Kitale yalikuwa mdomoni, yamejipanga. Akaona uso wangu, tabasamu likamtoka, akaanza kujieleza haraka haraka.

"Dada, kilikuwa kinageuka. Nilikigusa tu hapa pembeni kikazunguka, kikatoka chote nje, na gari nimeliegesha barabarani. Upande huo ndio wa magari. Lori lilipita likabakiza nafasi ya hivi tu likikose. Nikasema Mama akiwa amekaa hapo, kitamtupa katikati ya barabara. Kwani wewe hukujua?"

Sikujua. Kitale mlango wa kushoto unafungukia kando ya barabara, kwenye majani, na mwili wangu ulikuwa bado unaishi Kitale. Huku unafungukia katikati. Kanisa letu liko kwenye barabara kubwa, kuelekea Mangateen, na magari yote hupangwa nje. Mimi niliyewacheka watu wasiosoma picha, nilikuwa nimefanya mazoezi mara sita uani ambako hakuna barabara, na nilikuwa nakwenda kumtoa mama yangu nje, polepole, akiwa amekaa, mbele ya malori, ili ndugu yangu aone. Ndugu yangu, huyu bure huyu, aliliona hilo kwa dakika moja.

Mama alikuwa bado amelipa gari mgongo, anasubiri. Hakuweza kugeuza kiuno kututazama. Akasema akitazama lango, "Hakijui kuja?"

"Kimechomelewa, Mama," nikasema.

"Nani?"

"Mimi, Mama," ndugu yangu akasema. "Nilidhani kibovu."

Mama akaniuliza mimi, si yeye. "Ulimwambia kinavyofanya kazi?"

"Hapana."

"Siku tano."

"Nilitaka…"

"Najua ulichotaka. Wewe ulitaka kanisa lione. Mimi nilitaka kufika tu."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejibu, mimi hujibu. Nilisimama pale na mkono wangu bado uko kwenye kitufe, na nikajiona jinsi nilivyo, mwalimu mwenye mdomo mrefu, hodari wa kuona upumbavu wa watu wote mji mzima. Ndugu yangu akasema atakimbia kumleta fundi na mashine ya kukatia, saa moja tu. Mama akasema ibada inaanza saa nne na fundi naye ana kanisa lake. Nikasema basi tutakwenda Jumapili ijayo, Mama, itakuwa vizuri zaidi. Sikuamini mwenyewe nilichokuwa nasema. Alikuwa amevaa.

Mama akaiegemeza fimbo yake mlangoni. Akanyoosha mkono upande aliko ndugu yangu. "Njoo wewe," akamwambia. "Peke yako. Usiite mtu."

Ndugu yangu akaja. Akauliza amshike wapi. Akapiga goti kwenye vumbi na suruali yake ya kanisani, akapitisha mkono mmoja nyuma ya mgongo na mwingine chini ya magoti, na Mama akafumba macho. Nikaona lawa inaanza kupanda. Nikaikamata kwa mikono miwili, nikaivuta chini, nikaishikilia hapo. Alipogeuzwa nyonga alitoa sauti ndogo, moja tu. Kisha akawa ndani, akafumbua macho, akaomba fimbo yake.

Niliendesha. Tulipofika, watu walikuwa wamejaa nje, na wale wanne walikuwa pale pale mlangoni kama nilivyowapanga kichwani. Ndugu yangu akashuka kwanza. Akaenda kusimama katikati ya barabara, kifua mbele, mkono juu, na gari moja refu jeusi likampigia honi, akalitukana kwa lugha tatu mpaka likasimama. Kisha akarudi akapiga goti. Mama akafumba macho tena. Mimi nikashika lawa. Wale wanne walikuja mbio kusaidia, na ndugu yangu akawaambia warudi nyuma. Wala sikumbuki nyuso zao zilikuwaje. Sikutazama.

Mama alikaa kwenye bambara yake, tuliyokuja nayo, kwenye njia ya katikati ya kanisa, akaanzisha wimbo, na sauti yake ilikuwa imepungua. Wanawake wakaupokea.

Wiki ile vyuma vilikatwa, lakini mota ya kiti ilikuwa imeungua Jumapili ile ile nilipong'ang'ania kitufe, na kila fundi ananiambia spea iko Japani kana kwamba ni habari mpya. Bado nawadharau madalali. Bado nawadharau wenye vioo vyeusi, na ndugu yangu nikimkuta ameegesha lile dude lake bila mafuta namwambia, na yeye anacheka. Ila kila Jumapili anakuja kwa boda saa tatu, anapiga goti kwenye vumbi, anapitisha mikono. Mama hufumba macho. Kazi yangu mimi ni kushika lawa isipande.